Kabla ya kumpiga mdudu, jua anakolala

HEBU nikuulize kitu, msomaji. Usiku mbu akikulilia sikioni huwa unafanya nini? Unawasha tochi ya simu, unashika ndala na kuanza kumwinda ukutani. Ukimpata, damu yako inabaki pale kwenye rangi kama muhuri, nawe unarudi kitandani ukijiona shujaa.

Sawa. Lakini kabla hajakufikia, alikuwa wapi? Mchana kutwa alijificha wapi? Na mamake alitaga mayai wapi?

Kama hujui usione haya. Kuna watu wazima, wasomi kabisa, ambao maisha yao yote ya kazi yameisha wakitafuta majibu ya maswali hayo matatu kuhusu mdudu mmoja tu. Nami nilikuwa nikiwacheka, mpaka siku mdudu mdogo kuliko mbu alipotaka kutunyima kijana wa boma letu.

Ni mtoto wa shangazi yangu. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne, anachunga mbuzi kule Pokot Magharibi, nyanda za chini zinazoelekea Uganda. Alianza na homa. Shangazi akampeleka kwenye zahanati moja, akaambiwa ni malaria, wakapewa dawa. Homa ikapoa kidogo, ikarudi. Wakarudi nao. Malaria tena. Mara ya tatu hata hawakumtoa damu, walimwandikia dawa tu wakamwambia awe anakula vizuri.

Kula wapi? Kijana alikuwa amebaki mifupa, tena na tumbo limevimba upande wa kushoto kama mtu aliyemeza kibuyu. Wazee wakashauriana wakamchoma chuma cha moto juu ya lile tumbo, maana ndivyo walivyofanya baba zao wengu ikivimba. Makovu anayo mpaka leo, manne, yamepangana kama vifungo vya shati.

Aliyemwokoa ni muuguzi wa hospitali nyingine, aliyekuwa ameshaona wagonjwa wa aina hiyo. Alilibonyeza tumbo, akauliza, “Homa ina muda gani?” Shangazi akasema miezi miwili. Muuguzi akamdunga kijana kidoleni, akadondosha damu kwenye kipimo kidogo kama kile cha mimba, wakasubiri. Mistari miwili. Kalazaa.

Ndugu yangu, kama wewe ni wa Nairobi, Mombasa au Kisumu pengine neno hilo hujawahi kulisikia. Lakini uliza Turkana, Baringo, Marsabit, Isiolo, Wajir au Mandera. Jina lenyewe limetoka India na maana yake ni ugonjwa mweusi, kwa sababu ngozi ya baadhi ya wagonjwa kule iligeuka rangi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), asilimia 95 au zaidi ya wasiotibiwa hufariki. Na zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wote duniani katika miaka ya karibuni wako huku kwetu Afrika Mashariki, kuanzia Sudan na Ethiopia hadi Kenya na Somalia. Wengi wao ni watoto na vijana. Umri wako, yaani.

Askari aliyefuga mwizi

Kinacholeta kalazaa ni kimelea kinachoitwa Leishmania donovani. Jina hilo limebeba watu wawili, William Leishman na Charles Donovan, madaktari waliokieleza mwaka wa 1903 kila mmoja kivyake. Kimelea hiki ni kidogo mno, hakionekani ila kwa darubini, na ujanja wake unaudhi. Mwilini mwako una chembe za damu ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kuviua. Nyingine zikimezwa zinakufa, lakini hiki kikimezwa kinastarehe. Kinakaa ndani ya askari yule yule aliyetumwa kukikamata na kuzaana humo. Ni kama mwizi kwenda kujificha ndani ya kituo cha polisi, halafu anakuwa anapikiwa chai.

Askari hao ni wengi kwenye wengu, ini na uboho wa mifupa. Ndiyo maana wengu inavimba, damu inapungua, na mwili unakosa nguvu ya kupigana na magonjwa mengine. Mara nyingi nimonia au maradhi mengine ndiyo yanayommaliza mgonjwa, na watu nyumbani wanasema amekufa na kifua.

Kimelea hakina miguu wala mabawa. Kinahitaji gari, na gari lake ni inzi wa mchanga. Huyu usimfikirie kama inzi wa chooni. Urefu wake ni milimita mbili au tatu, rangi kama vumbi, manyoya mwili mzima, na akitua hubaki ameinua mabawa juu kama anayetaka kuruka. Hapigi kelele. Mbu angalau anakutangazia kwamba anakuja! Huyu anaruka-ruka kwa hatua fupi, upepo kidogo tu unamshinda, na anauma jioni na usiku. Anayeuma ni jike peke yake, kwa kuwa anataka damu ya kukuzia mayai.

Sasa rudi kwenye lile swali. Mchana analala wapi? Sehemu hizo ni kame, jua linachoma hadi mawe yanapasuka. Mdudu laini kama huyo angekauka kabla ya saa nne asubuhi.

Analala kwenye kichuguu.

Fikiria jinsi mchwa walivyo mafundi. Ndani ya kichuguu kuna giza, kuna unyevunyevu, na mashimo ya kupitisha hewa yanafanya joto lisipande wala kushuka sana. Ni nyumba ya kiyoyozi katikati ya jangwa. Inzi wa mchanga anaingia bila kulipa kodi, anapumzika mchana, na jike anataga mayai kwenye udongo ule wenye mabaki ya viumbe. Jioni, jua likizama na upepo ukitulia, wanatoka kupitia mashimo yale yale.

Na ni nani anayekuwa amekaa juu ya kichuguu saa hizo? Mchungaji. Kichuguu ndicho kiti kirefu kuliko vyote porini. Ukikaa pale unaona mbuzi wote, unaona na fisi akija. Mtoto wa shangazi alikuwa na kichuguu chake, kila mtu anajua ni cha nani, kama wewe ulivyo na kiti chako kanisani au kwenye kibanda cha chai.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Kitui ilipokumbwa na mlipuko mkubwa wa kalazaa mwanzoni mwa miaka ya 1950, watafiti waliofuatilia chanzo waliona kwamba wanaume walikuwa na mazoea ya kukutana jioni kando ya vichuguu, na maboma yenye wagonjwa yalikuwa karibu navyo. Baadaye, miaka ya 1980, ndipo kimelea chenyewe kilipotolewa ndani ya inzi aina ya Phlebotomus martini waliokamatwa Baringo. Ona muda uliopita katikati. Kushuku ni rahisi, kuthibitisha ndiyo kazi.

Na kazi yenyewe nikikueleza utacheka. Unapaka karatasi mafuta ya nyonyo, unaizungushia mdomo wa kichuguu jioni, unaenda zako. Asubuhi unarudi kuhesabu walionasa. Au unatundika mtego wa taa ya betri wenye feni ndogo ya kuwavuta ndani. Au unaingia ndani ya nyumba za watu alfajiri na mrija mdomoni, unamfyonza mdudu mmoja mmoja kutoka ukutani, kati ya mdomo wako na mdudu kuna kipande cha wavu tu. Kisha unakaa kwenye darubini na sindano nyembamba, unampasua mdudu wa milimita mbili tumbo bila kulivuruga, unatafuta vimelea. Unaweza kupasua mamia usipate hata mmoja mwenye ugonjwa. Sasa hebu niambie kama hiyo si kazi ya mtu mwenye moyo.

Mtafiti Mkenya M. J. Mutinga alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo. Yeye na wenzake walifanya kazi miaka mingi upande wa Marigat, na pamoja na kuhesabu inzi walijaribu kutundika vitambaa vyenye dawa kwenye kuta za nyumba, wakaviita kwa Kiswahili-Kiingereza “Mbu Cloth”. Walengwa walikuwa mbu na inzi wa mchanga kwa pamoja. Lilikuwa wazo zuri, kwa vile nyumba nyingi za pale hazina dari na si kila mtu analala kitandani penye nafasi ya kufunga chandarua.

(Kituko kidogo kabla sijasahau. Mwaka wa 2018 ulichapishwa utafiti uliochunguza inzi wa mchanga kutoka sehemu mbalimbali za dunia ili kujua hula mimea gani, maana nao hunyonya utomvu wa mimea kupata sukari. Ikaonekana wanapenda sana bangi, hata mahali ambapo haikuonekana imepandwa. Usinitazame hivyo, ni sayansi.)

Kaa wa Nyanza

Kuna watu huuliza, mbona mtu asibomoe tu vichuguu vyote? Nami niliuliza. Kwanza ni vingi kuliko watu. Pili mchwa hana kosa, na kuna jamii zinazopata kitoweo cha kumbikumbi humo na udongo wa kukandika nyumba. Tatu, inzi akifukuzwa hapo ana nyumba nyingine: mashimo ya wanyama, nyufa za kuta, mashina ya miti yaliyooza. Kumjua mdudu anakolala si sawa na kumfukuza.

Lakini kuna siku kumjua kulitosha kumwondoa nchini kabisa, na hadithi hii sielewi kwa nini hatufundishwi shuleni.

Zamani, Nyanza Kusini na sehemu za Kakamega watu walikuwa wakipofuka kwa mnyoo unaoenezwa na usubi, wale inzi weusi wadogo wa kando ya mito. Mnyoo huo huzaa vitoto vinavyotembea chini ya ngozi hadi machoni. Kufikia 1946, watafiti P. C. C. Garnham na J. P. McMahon walikuwa wamemwaga DDT kwenye mito ya bonde la Kodera, na usubi ukatoweka pale. Ila walikuwa wanapigana gizani kidogo. Walijua mdudu anazaliana mtoni, lakini walipochungulia mawe na majani ya majini, ambako aina nyingine za usubi hujishikiza, mabuu ya huyu hawakuyaona. Yako wapi?

Mwaka wa 1950 jibu likapatikana. Yalikuwa yamejibandika mwilini mwa kaa. Kaa wa mtoni, yule yule wa kwenye mawe. Mabuu yalikuwa yanapanda kaa kama abiria kwenye matatu, yanazungushwa mtoni yakijilia.

Baada ya hapo mambo yalikuwa tofauti. Ukitaka kujua mto una usubi huo au hauna, shika kaa umgeuze. Ukitaka kujua dawa imefanya kazi, shika kaa tena. Mwaka wa 1958 McMahon na wenzake walichapisha taarifa ya kuangamizwa kwa usubi huo nchini Kenya. Leo hakuna atakayekuruhusu kumwaga DDT mtoni, na ni vizuri, kwa sababu sumu hiyo hukaa kwenye mazingira muda mrefu na samaki hawakukosea mtu. Lakini wajukuu wa waliokuwa wakipofuka wanasoma makala hii kwa macho yao.

Mbung'o naye ana mambo yake. Jike wa mbung'o hatagi mayai kama wengine, anazaa buu mmoja kwa wakati mmoja, tena mkubwa karibu sawa na mama. Kwa hivyo ukiwapunguza hawarudi haraka kama mbu. Watafiti wa ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa na Mkenya Thomas Odhiambo mwaka wa 1970 na yenye makao yake Kasarani, waliona kuwa mbung'o humkwepa kuro ilhali wanyama wengine porini wanaumwa. Kumbe ni harufu yake. Wakachunguza kemikali zilizo kwenye harufu hiyo, wakaziweka kwenye mikanda ya shingoni, wakawavika ng'ombe wa Kwale. Ng'ombe waliovaa harufu ya kuro walipata nagana kwa kiwango kilichopungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kwa binadamu, ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o ulipatikana hapa nchini kwa mara ya mwisho kwa mwenyeji mwaka wa 2009, na Agosti 2025 WHO ilitangaza kuwa Kenya imeutokomeza kama tatizo la afya ya umma. Ni ugonjwa wa pili kwetu kuthibitishwa hivyo, baada ya mnyoo wa Guinea mwaka wa 2018. Sikuona watu wakipiga honi barabarani siku hiyo. Harambee Stars ikifunga bao moja hapalaliki.

Mdudu anahama, wewe je?

Usidhani ramani imekamilika. Mwishoni mwa 2022 watafiti wa KEMRI walikamata Marsabit mbu ambaye si wa huku, Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia Kusini. Alionekana Djibouti mwaka wa 2012, akashuka. Mbu wa malaria tuliowazoea wanapenda madimbwi ya mashambani, lakini huyu anapenda matangi na mapipa ya maji mjini. Ile mitungi ya plastiki uliyoijaza kwa sababu maji hutoka mara moja kwa wiki ndiyo wodi yake ya kujifungulia. Funika. Sio kesho.

Na si habari mbaya tupu. Mwaka wa 2020 watafiti wakiwemo wa ICIPE walitangaza kuwa ndani ya baadhi ya mbu wa Kenya kumo kiumbe kidogo kiitwacho Microsporidia MB, kinachokaa na mbu bila kumdhuru lakini kinazuia kimelea cha malaria kukua ndani yake. Hakuna aliyekitengeneza. Kilikuwapo siku zote, kikisubiri mtu wa kupasua mbu akatazama vizuri.

Naona vijana wengi wakisema wanataka kusomea udaktari ama kompyuta. Sawa, someni. Lakini kuna kozi za baiolojia na za wadudu ambazo watu wanazidharau, na kazi ya uwanjani inahitaji mtu anayeifahamu lugha ya kijiji, anayejua njia za mbuzi, ambaye mama wa boma atamfungulia mlango saa kumi na moja alfajiri bila kumshuku. Mzungu mwenye digrii tatu hawezi hiyo bila wewe. Wala usisubiri digrii. Wahudumu wa afya ya jamii ndio wanaomwona mgonjwa kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwenye vijiji vya kalazaa swali moja tu la mhudumu linaweza kuokoa mtu: homa ina wiki ngapi?

Likariri swali hilo. Homa ya zaidi ya wiki mbili, mwili unakonda, tumbo limevimba upande wa kushoto, na dawa za malaria hazijasaidia. Kama wewe au mtu wenu anaishi au ametembelea sehemu nilizotaja, usikubali kupewa pakiti ya nne ya dawa za malaria. Omba kipimo cha kalazaa, sema jina lenyewe. Hospitali kama Kacheliba na Kimalel zina uzoefu mkubwa nalo. Kuchoma tumbo hakutoi kimelea, kunaongeza kidonda tu. Na ukilala nje au karibu na mifugo, chandarua chenye dawa kinafaa kuliko cha kawaida, kwa sababu matundu yasiyo na dawa inzi huyo anaweza kuyapita.

Matibabu yapo, ila si mchezo. Mtoto wa shangazi alidungwa sindano mbili kila siku, kwa siku 17. Piga hesabu. Ni sindano 34, tena kijana asiye na nyama ya kudungwa. Alikuwa akilia kuanzia anapoisikia ile troli ikija, halafu anaona haya kwa sababu vitanda vya jirani vina watoto wadogo kuliko yeye. Shangazi naye alikuwa amelala sakafuni siku zote hizo, na mbuzi huko nyumbani wakichungwa na majirani, wawili wakapotea. Dawa haikuwa na malipo, lakini hesabu ya familia haikuwa ya dawa.

Ndiyo sababu nilifurahi kusoma matokeo ya majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan na kuchapishwa mwaka wa 2022. Wagonjwa walipewa vidonge pamoja na sindano moja kwa siku, siku 14, na matokeo yakawa karibu sawa na yale ya sindano mbili. Bado kuna sindano. Lakini ni 14, si 34, na mtu aliyelala kwenye kile kitanda anaijua tofauti.

Sasa ana miaka kumi na saba, amerudi shule, yuko nyuma ya wenzake kwa darasa moja. Likizo bado anachunga. Wiki iliyopita nilimpigia simu kumwambia naandika makala hii, nikamuuliza kama bado anakaa kwenye kichuguu chake. Akacheka. Akasema siku hizi anapanda asubuhi tu, na jua likianza kuteremka anahamia kwenye jiwe lililo upande wa upepo. Kutoka pale haoni mbuzi wote. Lakini amemfundisha mdogo wake kuimba akiwa upande wa pili, na asiposikia wimbo anajua kuna mbuzi wametoka.